UZI: Mjomba alibakiwa na neno moja tu, "basi". Tuzungumze kuhusu picha za ubongo na kupotea kwa lugha baada ya kiharusi

Mpwa wa Ngamiani (mleta uzi)

Wanajukwaa, asalaam aleikum na habari za leo. Naandika nikiwa Ngamiani, Tanga, na uzi huu nimeuchelewesha kwa muda mrefu kwa sababu nilitaka kwanza nielewe mwenyewe kilichotokea nyumbani kwetu kabla sijawaeleza wengine.

Mjomba wangu, karani mstaafu wa shamba la mkonge, alirudi kutoka sala ya alfajiri akiwa mzima, akaketi kunywa chai, na kikombe kikamponyoka. Mkono wa kulia ulikuwa umelegea, mdomo umekwenda upande, na alipoulizwa ana nini alijibu "basi". Aliulizwa jina la mkewe, akajibu "basi". Aliulizwa kama anataka maji, akatikisa kichwa kukubali, akanywa, kisha akasema "basi" kwa sauti ya mtu anayeshukuru. Kwa miezi mitatu hilo ndilo lililokuwa neno lake, na alilitumia kwa hasira, kwa kuomba na hata kwa mzaha, akituangalia kama mtu anayeshangaa kwa nini hatumwelewi.

Siku hiyo hiyo alipigwa picha ya CT ya kichwa (kipimo cha eksirei kinachouonyesha ubongo kama vipande), muda wa saa chache tu tangu kikombe kianguke. Tukaambiwa kwamba hakuna kinachoonekana. Hakuna aliyetufafanulia maana ya jibu hilo, na lilipofika kwenye baraza la ukoo likawa limegeuka kuwa "huu si ugonjwa wa hospitali". Wazee wakasema ni upepo. Mjomba akapelekwa kwa mganga upande wa Pangani, akakaa huko siku tano. Kipimo kiliporudiwa siku ya tisa, filamu ilionyesha doa jeusi pana, nasi tukaishikilia dirishani tukibishana kama doa liko kushoto au kulia, mpaka kijana mmoja wa kitengo cha mionzi alipotueleza kwamba picha hizi kwa kawaida hupangwa kana kwamba unamtazama mgonjwa kutoka miguuni, hivyo kushoto kwake kuko kulia kwako. Doa lilikuwa kushoto. Ndipo ndugu yetu mmoja aliyesoma kidogo mambo haya akatamka hukumu: sehemu ya lugha imekufa, mzee hatasema tena.

Hoja yangu ni kwamba picha ya ubongo ni shahidi mkweli ambaye tulimuuliza maswali yasiyo yake, na tulifanya hivyo mara mbili. Mara ya kwanza tuliiuliza kama mzee anaumwa, ilhali ugonjwa ulikuwa umekaa mbele yetu mdomo ukiwa upande. Mara ya pili tuliiuliza kama atasema tena, ilhali yenyewe inajua zaidi habari za damu na nyama ya ubongo kuliko habari za maneno.

Kisa cha mjomba kina ndugu yake mkubwa katika historia. Mwaka 1861, katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris, daktari mpasuaji Paul Broca aliletewa mgonjwa aitwaye Leborgne, aliyekuwa amelazwa hapo kwa miaka 21 na ambaye kila alichoulizwa alijibu "tan", mara nyingi akilirudia mara mbili. (Ndiyo, ni nusu ya jina la mji wetu, na mjomba nilipomsimulia alicheka sana.) Leborgne alifariki siku chache baadaye, Broca akaufungua ubongo wake na kukuta jeraha sehemu ya mbele, upande wa kushoto. Miezi michache baadaye akampata mzee mwingine, Lelong, aliyebakiwa na maneno matano tu, na jeraha lake likawa karibu mahali pale pale. Tangu hapo eneo hilo linaitwa eneo la Broca, na kupotea kwa lugha kwa sababu ya jeraha la ubongo tunakuita afasia.

Lakini kuna jambo ambalo ndugu yetu mwenye hukumu hakulijua. Broca hakuukata ubongo wa Leborgne vipande vipande. Aliuhifadhi mzima, na umetunzwa Paris hadi leo. Mwaka 2007 Nina Dronkers na wenzake walichapisha picha za MRI (kipimo kinachotumia sumaku yenye nguvu badala ya eksirei) za ubongo huo pamoja na wa Lelong. Majeraha yalikuwa yamezama ndani kuliko Broca alivyoweza kuona kwa nje, yakiwa yamekata pia fungu la nyuzi za neva linalounganisha sehemu za mbele na za nyuma. Kwa maneno mengine, hata wagonjwa walioipa dunia wazo la "sehemu ya lugha" hawakuwa wameharibikiwa sehemu hiyo peke yake.

Naomba kuwasilisha.

Chumba cha Giza

Ndugu mleta uzi, poleni sana. Mimi ni mtaalamu wa mionzi, na jina langu la humu linatoka enzi zile tulipokuwa tunasafisha filamu gizani. Naomba nieleze kwa nini CT ya kwanza ilikuwa safi, maana hili ndilo linalonisumbua kila wiki.

Katika kiharusi, CT inafanywa haraka kwanza kabisa ili kujua kama damu imevuja ndani ya ubongo au la. Damu iliyovuja huonekana nyeupe papo hapo. Ikiwa haipo, na mgonjwa ana dalili kama za mjomba wako, maana yake kwa kawaida ni kwamba mshipa umezibwa na bonge la damu, na hapo ndipo dawa ya kuyeyusha bonge inaweza kufikiriwa, ndani ya muda wa saa 4.5 tangu dalili zianze. Ukimpa dawa hiyo mtu anayevuja damu unaweza kumuua. Ndiyo maana picha hutangulia. Kwa hiyo "hakuna kinachoonekana" katika saa za kwanza ni habari ya dharura: inamwambia daktari kwamba mlango bado uko wazi. Kwenu ilisikika kama ruhusa ya kuondoka.

Doa jeusi la CT hutokana na maji yanayojikusanya polepole katika nyama ya ubongo iliyokosa damu, na hilo huchukua saa nyingi kuonekana vizuri. MRI ina namna moja ya upigaji inayopima jinsi chembe za maji zinavyotembea. Seli zikikosa nguvu huvimba, maji hubanwa, na eneo hilo hung'aa ndani ya dakika chache badala ya saa. Ila MRI ni ghali, haipatikani kila mahali, mgonjwa anatakiwa kulala ametulia ndani ya bomba lenye kelele, na mtu asiyeweza kusema hawezi kukwambia kama ana chuma mwilini. Tunawauliza ndugu, na ndugu mara nyingi hawakumbuki.

Ombi langu moja kwa madaktari waliomo humu: kwenye fomu ya kuomba kipimo msiandike "kiharusi" peke yake. Andikeni kwamba mgonjwa amepoteza lugha, na saa aliyoonekana mzima kwa mara ya mwisho. Anayesoma picha akijua hivyo, macho yake huanzia kwenye mshipa mkubwa wa kati wa upande wa kushoto, na wakati mwingine bonge lenyewe huonekana kama mstari mweupe ndani ya mshipa hata kabla nyama haijabadilika rangi.

Binti Chumbageni

Nimesoma nikitetemeka. Mama yangu yalimpata kinyume cha haya. Hakupooza mkono wala mguu. Aliamka akizungumza kwa kasi, kwa lafudhi yake nzuri ya kawaida, lakini maneno mengine hayakuwa ya lugha yoyote, na tulipomwambia kaa alisimama. Alikasirika kwamba hatumjibu. Jirani alisema amerukwa na akili, na kituo cha kwanza tulikompeleka walimpa dawa ya usingizi. CT ilifanywa siku ya nne, ikaonyesha doa nyuma ya sikio la kushoto. Je, hii nayo ni afasia? Mbona anasema, tena sana?

Mpwa wa Ngamiani (mleta uzi)

Dada yangu, pole, na ndiyo, ni afasia. Mwaka 1874 Carl Wernicke, daktari wa Breslau aliyekuwa na umri wa miaka 26, aliwaeleza wagonjwa wa namna ya mama yako: usemi unatiririka ila maana imeponyoka, na kuelewa wengine kumeharibika. Jeraha liko nyuma na juu katika sehemu ya ubongo iliyo kando, usawa wa sikio, karibu na mahali sauti zinapofikia.

Kinachonivutia ni kwamba ramani ya mishipa inaeleza kwa nini mjomba alipooza na mama yako hakupooza. Mshipa mkubwa wa kati wa kushoto hugawanyika katika matawi mawili makuu. Tawi la juu hulisha eneo la Broca pamoja na ukanda unaoamuru uso na mkono wa kulia, hivyo likizibwa, usemi na mkono huondoka pamoja. Tawi la chini hulisha eneo la Wernicke na majirani zake, mbali na ukanda wa misuli, hivyo likizibwa mtu anaweza kutembea vizuri huku lugha imevurugika. Likizibwa shina lenyewe, vyote huondoka. Watu wengi tunajua kiharusi kwa kupooza, kwa hiyo mgonjwa kama mama yako anaitwa mwendawazimu. Kipimo cha picha hapa kina thamani kubwa kweli, na nakiri kwamba hoja yangu ya mwanzo haikulipa jambo hili uzito wake.

Mwalimu Mstaafu

Kijana, uzi wako ni mzuri, lakini naona unaelekea kuidharau picha. Ukubwa wa jeraha na mahali lilipo ni mambo yanayojulikana kutabiri ni kiasi gani mtu atapata nafuu. Au unataka tuwape watu matumaini ya bure?

Mpwa wa Ngamiani (mleta uzi)

Shikamoo mwalimu. Sina budi kukubali nusu ya maneno yako. Wapo watafiti, Cathy Price wa London akiwa mmoja wao, waliokusanya picha za ubongo za watu wengi waliopata kiharusi pamoja na matokeo ya vipimo vya lugha vya watu hao hao, ili mgonjwa mpya alinganishwe na wale wenye jeraha linalofanana na lake na familia ielezwe wengine walifika wapi baada ya muda gani. Imeonekana pia kwamba kadiri fungu lile la nyuzi linalounganisha mbele na nyuma lilivyokatwa zaidi, ndivyo usemi wa kutiririka unavyokuwa mgumu kurudi. Nyuzi hizo zinaweza kuchorwa kwa MRI kwa kufuata mwelekeo ambao maji hupita kwa urahisi ndani yake, njia iliyoanza kutumika miaka ya 1990.

Nusu ninayoikataa ni hii: utabiri huo hutolewa kwa kulinganisha wengi, nao huja na upana, hauji kama tarehe ya hukumu. Zaidi ya hapo, CT ya siku ya tisa haionyeshi kila kilichonyamaza. Pembeni ya nyama iliyokufa kunaweza kuwa na nyama iliyo hai lakini inayopata damu kidogo mno kiasi cha kushindwa kufanya kazi, mfano wa taa ambayo umeme ni hafifu lakini balbu haijaungua. Argye Hillis wa Baltimore na wenzake walipima mtiririko wa damu katika ubongo wa wagonjwa wapya wa kiharusi, wakaona kwamba damu ikirudishwa kwenye maeneo kama hayo, uwezo wa kutaja majina ya vitu nao hurudi. Mtu anayetazama doa jeusi peke yake hawezi kuyajua hayo.

Dau la Sahare

Nami niulize la kienyeji. Nimeona kwenye simu picha za ubongo zenye madoa mekundu na ya njano, zikisemwa kuwa zinaonyesha mtu akifikiri. Je, mjomba hawezi kupigwa hiyo tukajua moja kwa moja kama maneno bado yamo?

Mpwa wa Ngamiani (mleta uzi)

Rangi zile hazimo ndani ya kichwa, ndugu yangu. Seiji Ogawa alionyesha mwaka 1990 kwamba damu yenye oksijeni na damu iliyopoteza oksijeni hutofautiana mbele ya sumaku, na kwamba MRI inaweza kuitambua tofauti hiyo. Sehemu ya ubongo ikifanya kazi, damu mpya huletwa kwa wingi sekunde chache baadaye, na kompyuta hulinganisha, tuseme, kipindi ambacho mtu anasikiliza sentensi na kipindi ambacho anasikiliza kelele tupu. Palipo na tofauti inayotosha kihesabu hupakwa rangi. Kwa hiyo picha hiyo inaonyesha mtiririko wa damu unaofuata kazi, na kwa mtu ambaye ugonjwa wake ni wa mishipa ya damu, damu inaweza kuchelewa kufika hata pale ambapo seli zinafanya kazi. Lazima aisomaye awe mwangalifu.

Hata hivyo kipimo hicho kimetufundisha jambo ambalo kwangu ndilo zuri kuliko yote. Mwaka 2006 Dorothee Saur na wenzake nchini Ujerumani walichapisha matokeo ya wagonjwa 14 wenye afasia waliopigwa picha mara tatu: siku za mwanzo kabisa, takribani wiki mbili baadaye, na tena baada ya miezi mingi. Mwanzoni maeneo ya lugha ya kushoto yaliyosalia yalikuwa yamefifia. Katika kipindi cha pili kazi iliongezeka sana, hasa upande wa kulia, mahali panapolingana na eneo la Broca, na ongezeko hilo lilikwenda sambamba na nafuu ya lugha. Katika kipindi cha tatu kilele cha kazi kilirudi kushoto. Wataalamu bado wanabishana kama upande wa kulia ni msaidizi wa kudumu au ni mlinzi wa zamu ambaye asipoondoka huwa kikwazo, na nadhani jibu linategemea ni kiasi gani cha kushoto kimebaki. Lakini zingatieni kwamba siku ile ndugu yetu alipotoa hukumu, siku ya tisa, ubongo wa mjomba huenda ulikuwa bado unahama kutoka kipindi cha kwanza kwenda cha pili.

Binti Chumbageni

Na kusoma dua? Mama yangu hawezi kutaja "kijiko", lakini tukianza Al-Fatiha anaisoma mpaka mwisho bila kukosea. Shangazi yangu anasema hiyo ni dalili kwamba anajifanya.

Mpwa wa Ngamiani (mleta uzi)

Mwambie shangazi, kwa adabu zote, kwamba hajifanyi. Karne ya 19 huko London, John Hughlings Jackson aliandika kwamba wagonjwa wasioweza kutunga sentensi wanaweza kuapa, kusali, kuhesabu au kuitikia salamu. Maneno yaliyorudiwa tangu utotoni hutoka kama mnyororo mmoja, hayahitaji kuchaguliwa moja moja, na inadhaniwa kwamba upande wa kulia na sehemu za ndani za ubongo huyabeba zaidi. Kuimba nako ni hivyo hivyo. Mjomba aliyekuwa hana neno ila "basi" aliimba beti mbili za taarabu kwenye harusi ya jirani, tukabaki tumeshika vichwa. Tangu mwaka 1973 kuna tiba inayotumia jambo hili: mgonjwa hufundishwa kutamka maneno ya kawaida kwa mahadhi huku akigonga mkono wa kushoto kwa mapigo, kisha mahadhi hupunguzwa kidogo kidogo. Picha za baadhi ya wagonjwa waliofanya tiba hiyo kwa muda mrefu zilionyesha fungu la nyuzi la upande wa kulia likiwa limenenepa.

Mwalimu Mstaafu

Hapo nimekuelewa. Swali la mwisho: mjomba wako ni Mbondei. Ni lugha gani iliyorudi kwanza?

Mpwa wa Ngamiani (mleta uzi)

Mwalimu, umegusa penyewe. Wafaransa wawili wa karne ya 19 walikuwa na majibu mawili: Ribot alisema lugha ya kwanza kujifunza ndiyo hurudi kwanza, Pitres mwaka 1895 akasema ni ile iliyozoeleka zaidi kabla ya ugonjwa. Wagonjwa wameonekana wa kila namna, wakiwemo wengi ambao lugha zao zote hurudi kwa pamoja. Picha za watu wazima wasio wagonjwa nazo zinaonyesha kwamba lugha zilizojifunzwa mapema au kwa ufasaha hutumia kwa kiasi kikubwa maeneo yale yale, kwa hiyo hakuna chumba cha Kibondei na chumba cha Kiswahili ambavyo kimoja kingefungwa na kingine kibaki wazi. Kwa mjomba Kibondei kilitangulia kwa wiki kadhaa, ila alikuwa akikaa na dada yake wa Muheza, ambaye hamsemeshi lugha nyingine, kwa hiyo sitaki kujidai nimempa Ribot ushindi.

Jambo hili lilinifanya nitengeneze kadi zangu mwenyewe. Kipimo mashuhuri cha kutaja majina ya vitu kilichotungwa Boston kina michoro 60, na miongoni mwake mna nyumba ya barafu ya watu wa kaskazini. Mtu wa Ngamiani akishindwa kuitaja nyumba hiyo, umepima nini? Nimechora kata, dau, kifuu, baiskeli, mkonge na mbuzi ya kukunia nazi. Hiyo ya mwisho alipoiona mara ya kwanza alisema "nazi". Siku ya pili alisema "mee", akajicheka mwenyewe mpaka akakohoa, nami nikajua kwamba neno analo, ila amelishika kwa mlango wa nyuma. Wiki hii ameitaja sawasawa mara tatu kati ya tano.

Jana tulifika kadi ya ishirini jua likiwa limezama. Akazikusanya kwa mkono wa kushoto, akanirudishia, akasema, "Basi. Kesho."

Chumba cha Giza

Mleta uzi, hizo kadi zipige picha uziweke hapa. Kuna familia mbili kazini kwangu zinazihitaji wiki hii.